Jukwaa la lipu karibu na nyaya za umeme: mita moja na nusu inatosha?

Lipu_na_Timazi aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wale waliowahi kufunga majukwaa karibu na nguzo za umeme.

Nimechukua kazi ya lipu ya nje na rangi kwenye jengo la ghorofa mbili. Kuta tatu hazina tabu. Wa nne unatazama barabara, na mbele yake zinapita nyaya tatu tupu juu ya nguzo za mbao. Chini ya hizo, kwenye nguzo zilezile, upo waya mweusi mnene uliosokotwa, ule unaogawa umeme kwenye nyumba. Kwa jicho, kutoka ukutani mpaka waya tupu wa karibu ni mita tatu na ushee.

Jukwaa langu ni la mabomba ya chuma, upana mita 1.2. Nikiliacha sentimita 30 kutoka ukutani ili mkono wa fundi upate nafasi, bado nabaki na mita moja na nusu kati ya jukwaa na waya. Hesabu yangu inasema inatosha, maana hakuna anayetaka kuugusa huo waya. Mwenye jengo naye anasema nyaya zilikuwepo tangu msingi unachimbwa, na waliojenga kuta walisimamisha mirunda palepale wakamaliza bila mtu kuumia.

Tatizo ni kijana anayenifungia majukwaa. Amegoma. Anasema upande ule hapandi mpaka umeme uzimwe. Ni kijana mchapakazi, si mtu wa visingizio, kwa hiyo nimesita kumtafuta mwingine.

Naomba majibu ya haya: hiyo mita moja na nusu inatosha au haitoshi? Nikitumia mirunda badala ya chuma hatari inaondoka? Na kuna namna ya kuzifunika nyaya tukaendelea na kazi?

---

GejiIshiriniNane alijibu:

Mkuu usijisumbue. Chukua bomba la plastiki, lipasue kwa urefu, livishe kwenye waya, lifunge. Mafundi wavae buti za raba na glavu. Kazi zetu nyingi tumemaliza hivyo. Huyo kijana ni mwoga, mwambie ashike mwiko aache kupanda.

---

MzeeKlampu alijibu:

Lipu_na_Timazi, huyo kijana usimwache aende. Wafunga majukwaa wanaojua kukataa ni wachache kuliko wanaojua kupanda.

Sasa hesabu yako. Umepima jukwaa likiwa limeshasimama, limetulia, hakuna mtu juu. Jukwaa la namna hiyo mara nyingi halimdhuru mtu. Kinachofika kwenye waya ni kile kilichoko mikononi mwa watu. Bomba la kawaida la jukwaa lina urefu wa mita 6 na kidogo. Ubao wa kukanyagia ni karibu mita 4. Kijana akiwa kwenye sakafu ya pili ya jukwaa anapokea bomba kutoka chini, linakuja likiwa wima, anaivuta ncha ya chini kwake, ncha ya juu inainama upande wa barabara. Hapo mita moja na nusu yako imekwisha, na yeye macho yake yako kwenye klampu ya kuunganishia mabomba, hayako kwenye waya. Nusu ya urefu wa bomba huwa nyuma ya mgongo wa anayelibeba.

Ongeza vitu vya kazi yenyewe. Rula ndefu ya alumini ya kunyooshea lipu. Mpini wa rola ya rangi, ule unaorefuka. Nondo, bati, mfereji wa maji ya paa, ngazi. Niliwahi kuona saiti ambako jukwaa lilifungwa vizuri, nafasi ikapimwa, kila kitu kikaandikwa, halafu siku ya rangi akaletwa mtu mgeni na mpini wa alumini wa mita nne. Msimamizi alimwona kwa bahati tu akiwa bado yuko chini anaurefusha. Hakuna aliyekuwa amemweleza chochote, kwa sababu maelezo yote walipewa wafunga jukwaa.

Kuhusu umeme "kuruka". Hapa watu hutishana bila kuelewa. Ni kweli si lazima uguse waya ili upigwe. Ukisogeza chuma karibu vya kutosha, hewa iliyo katikati inashindwa kuzuia na umeme unapita. Lakini kwenye laini za kawaida za mitaani, zile za kilovolti 11 au 33, umbali huo ni wa sentimita chache, si mita. Kwenye minara mikubwa ya kilovolti mia na zaidi ndipo unapanuka. Nasema hivi kwa sababu fundi akiambiwa umeme unaruka mita tatu, akasogea mita mbili asipate kitu, anaona amedanganywa na hatasikiliza tena. Mita tatu za kanuni, nitakazozitaja hapa chini, zimewekwa kwa ajili yetu sisi: bomba linateleza, upepo unapiga ubao, mtu anajikwaa, jicho linakosea umbali. Na waya wenyewe hautulii. Siku ya jua kali au umeme ukitumika sana unapata joto, unarefuka na kushuka. Upepo unaupeleka huku na huku, zaidi katikati ya nguzo na nguzo. Umbali uliopima asubuhi ya baridi hautakuwa huohuo saa nane mchana.

Kanuni zenyewe hutofautiana nchi na nchi, lakini haziko mbali. Marekani, kanuni za OSHA, wakala wao wa usalama kazini, zinataka jukwaa, pamoja na chochote kinachopitisha umeme kilichoko juu yake, visikaribie waya tupu wa hadi kilovolti 50 kwa chini ya futi 10, yaani mita 3 na sentimita chache. Zaidi ya hapo umbali unaongezeka kadiri msongo, yaani volti, unavyopanda. New Zealand wanataka mita 4 kwa jukwaa, na ukihitaji kusogea zaidi lazima mwenye laini, yaani shirika la umeme, akubali kwa maandishi. Angalia ya kwako inasemaje, lakini usitegemee kukuta yoyote inayokubali mita moja na nusu kwa laini tupu.

Mirunda: hapana. Mti mkavu kabisa hupitisha umeme kidogo, lakini mirunda ya saiti haikauki. Ina utomvu, imenyeshewa, imepakwa matope na saruji mbichi, imefungwa kwa waya wa chuma. Kwa msongo wa namna hiyo, mti wa hivyo ni njia. Waliojenga kuta walibahatika, basi.

Plastiki ya GejiIshiriniNane: nani anayeivisha? Huyo anayeivisha ameshafika kwenye waya. Hilo tu lingetosha. Halafu zipo kweli mirija ya rangi, mara nyingi ya njano au ya michirizi, ambayo wenye laini huivisha kwenye nyaya karibu na saiti. Kazi yake ni kukuonyesha waya ulipo, hasa kwa dereva wa kreni. Haikupi ruhusa ya kusogea hata kidogo. Wengi wakiiona wanadhani waya umeshalindwa.

Glavu na buti: glavu za fundi ni za ngozi au kitambaa. Glavu za umeme ni kitu kingine, zina daraja na zinapimwa kila kipindi. Daraja 0 mwisho wake ni volti 1,000. Kwa kilovolti 11 unahitaji daraja la 2, na hata hizo ni za mtu aliyesomea kazi ya laini, si za mpiga lipu. Buti za raba zenye msumari wa saiti uliotoboa soli mwezi uliopita sitaki hata kuzizungumzia.

Pima kwanza, kisha rudi utuambie. Na usipime kwa kunyoosha kitu juu. Futi kamba ni chuma. Fanya hivi: simama barabarani chini kabisa ya waya ulio karibu na ukuta, inua timazi usawa wa uso wako, uangalie uzi wake mpaka uone uko sawasawa na waya ulioko juu. Weka alama ardhini, pima kutoka kwenye alama mpaka ukutani. Hiyo ndiyo nafasi ya mlalo. Kwa kimo, kunja karatasi ya mraba kona kwa kona upate pembetatu. Shika upande mmoja mfupi ukiwa sambamba na ardhi, angalia kupitia upande mrefu, urudi nyuma mpaka waya uonekane kwenye ncha. Umbali kutoka miguuni mwako hadi ile alama, jumlisha kimo cha macho yako, ndicho kimo cha waya, mradi ardhi iwe tambarare. Kipo pia kifaa cha sauti kinachopima kimo cha nyaya ukiwa chini, ukipata cha kuazima ni bora zaidi.

---

Nguzo_ya_Tatu alijibu:

Mimi niko upande wa laini. Naunga mkono MzeeKlampu, naongeza mambo ya upande wetu.

Kwanza, usikadirie msongo kwa macho. Watu huhesabu vikombe, vile vinavyoshikilia waya juu ya nguzo, au kuangalia ukubwa wake, wakasema "hii ndogo". Vikombe vinakupa fununu tu. Kila nguzo ina namba. Iandike, uipeleke kwa mwenye laini, atakuambia ni kilovolti ngapi na inalishwa kutoka wapi. Na huo waya mweusi uliosokotwa usiuchukulie kama waya wa ndani ya nyumba. Ganda lake limepigwa jua miaka mingi, pengine limekwaruzwa na matawi, na klampu ya chuma inalikata mara moja. Hizo volti 230 ambazo watu huziita ndogo zinatosha kabisa. Mkondo wa miliampia kumi na kitu unakaza misuli, mkono ukashindwa kuachia bomba. Ukifika miliampia hamsini au mia kupita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mwili uliolowa jasho una ukinzani wa kama omu elfu moja. Gawanya 230 kwa hiyo uone unapata miliampia ngapi.

Pili, neno "kuzima". Mtu anapiga simu, anaambiwa "tumezima", anapanda. Kwetu laini haihesabiwi imekufa mpaka mambo yafanyike kwa mpangilio: swichi inafunguliwa, inafungwa kwa kufuli na kuwekewa kibao, waya unapimwa kuhakikisha hauna umeme, kisha unawekewa ethi, yaani unaunganishwa na ardhi, inayoonekana pande zote mbili za eneo la kazi. Baada ya hapo msimamizi wako anapewa hati iliyoandikwa sehemu gani imezimwa, kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, na anasaini. Mkimaliza anasaini kuirudisha. Bila hati mkononi, hesabu kwamba waya ni moto. Maneno ya kwenye simu si hati.

Ethi ina sababu yake. Mtaani kuna majenereta. Mtu umeme ukikatika anawasha lake, na kama amelifunga vibaya, umeme wake unarudi kwenye waya wa mtaa, unaingia kwenye transfoma kwa upande wa nyuma. Transfoma haina habari na mwelekeo: volti 230 zikiingia upande ule, kilovolti 11 zinatoka upande wa pili. Laini tuliyoizima sisi inafufuliwa na jenereta la mtu wa duka.

Tatu, waya ukikatika ukalala chini kimya, hauwaki wala haulii, usidhani umekufa. Laini nyingi zina kifaa kinachokata umeme hitilafu ikitokea, kisha kinaurudisha chenyewe baada ya sekunde chache kujaribu kama hitilafu imeondoka. Kinaweza kujaribu zaidi ya mara moja.

---

MamaSaiti aliuliza:

Naomba kuingilia. Mimi nasimamia saiti, na hizi kanuni za umbali nazijua. Ninachotaka kujua ni ikishatokea. Jukwaa limegusa waya, mtu yuko juu, wengine wako chini wanapiga kelele. Nifanye nini, maana najua kila mtu atakimbilia kumvuta mwenzake.

---

Nguzo_ya_Tatu alijibu:

Dada, hapo ndipo anapopatikana marehemu wa pili.

Kazi yako ya kwanza ni kuwarudisha watu nyuma, angalau mita 10, uwazuie hukohuko. Ardhi yenyewe kuzunguka mguu wa jukwaa inakuwa na umeme, mkali karibu na chuma na unaopungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu akipiga hatua ndefu, mguu mmoja uko kwenye msongo mkubwa na mwingine kwenye mdogo, umeme unapanda mguu huu na kushukia ule. Anayelazimika kutoka ndani ya eneo hilo aburuze miguu ikiwa imegusana, asiinue.

Walioko juu ya jukwaa na bado wako salama wabaki walipo, wasishuke. Akiwa amesimama juu ya chuma kilekile, hatari yake kubwa ni ile sekunde mguu mmoja uko ardhini na mkono bado uko kwenye bomba. Moto ukiwaka na yuko sakafu ya chini ya jukwaa, aruke wazi, miguu pamoja, asiguse jukwaa na ardhi kwa wakati mmoja.

Piga simu kwa mwenye laini, namba ya dharura iwe imebandikwa kwenye kibao cha saiti kabla ya kazi kuanza, pamoja na namba ya nguzo. Ukisema "nguzo namba fulani" wanajua swichi ipi. Ukisema "karibu na mti mkubwa" dakika zinapita. Fimbo ya mbao ya kumsukuma mtu, ambayo wengi wamefundishwa kwa umeme wa nyumbani, kwenye laini ya msongo wa kati, kama hizi za kilovolti 11 au 33, usiijaribu.

Akishathibitisha mwenye laini kwamba imezimwa, ndipo umkaribie. Kama hapumui kawaida, anza kukandamiza kifua mara moja, katikati, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka wataalamu wafike. Kama kuna mashine ya kushtua moyo, tuma mtu aifuate. Na yule aliyeinuka akasema "niko sawa" aende hospitali vilevile. Umeme unaunguza ndani kuliko ngozi inavyoonyesha, na mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

---

Lipu_na_Timazi alijibu:

Nimepima kwa njia ya timazi na karatasi. Karatasi nilidhani ni mzaha lakini imefanya kazi. Kutoka ukutani hadi chini ya waya tupu wa karibu ni mita 3.1. Kimo cha waya ni kama mita 8.4. Ule mweusi uko chini yake kwa mita moja na nusu hivi, lakini umefungwa kwenye nguzo yenyewe, mbali kidogo zaidi na ukuta.

Mwenye laini nimempa namba ya nguzo. Amesema ni kilovolti 11.

Mwenye jengo anauliza kwa nini nisifunge jukwaa jembamba tu.

---

MzeeKlampu alijibu:

Tuchukue mita 3.1. Toa sentimita 30 za nafasi ya ukuta, toa mita 1.2 za upana, unabaki na 1.6. Vipande vya kulaza havikatwi sawasawa na bomba la wima la nje, ncha hutokeza sentimita 20 hivi, sasa uko 1.4. Bado upepo haujapiga waya na hujampa mtu kitu mkononi. Ukitaka mita 3 kamili kutoka kwenye waya, mwambie mwenye jengo jukwaa lake, hata likigusana na ukuta, litakuwa na upana wa sentimita 10. Likiwa jembamba namna hiyo na kimo cha ghorofa mbili, litamuua mtu kwa kuanguka kabla umeme haujampata.

Kwa kimo: sakafu zako ziko kila mita 2. Ya nne iko mita 8, maana yake waya uko usawa wa magoti ya fundi. Ya tatu iko mita 6, kichwa chake kinafika karibu na 8 na mkono unapita. Ya pili, mita 4, akinyoosha mkono anafika 6.2, na ule mweusi uko karibu na 6.9. Kwa hiyo chenye nafasi ni sakafu ya kwanza peke yake, nayo kwa vipande vifupi, si kwa bomba la mita 6, na rula ya lipu isizidi mita moja na nusu.

Ningekuwa mimi, ningefanya hivi. Ningeanza na zile kuta tatu leo, ili siku za kusubiri barua zisiwe za hasara. Kwa ukuta wa barabara ningepeleka maombi rasmi kwa mwenye laini pamoja na mchoro: ukuta, waya, vipimo ulivyochukua, jukwaa litakapokaa, tarehe. Yeye ndiye anayejua kama anaweza kuzima, kusogeza nguzo, kubadilisha waya tupu uwe wa ganda, au kuulisha mtaa kutoka upande mwingine wakati wa kazi yako. Wakati mwingine jibu ni kwamba laini ile ilikuwa ihamishwe siku nyingi na ombi lako ndilo linalowaamsha.

Wakikuambia hawawezi kuzima muda wote wa lipu, waulize kama wanaweza kuzima kwa vipindi. Hapo kuna mpango ambao wenye laini baadhi huukubali na baadhi huukataa, kutegemea nafasi. Laini ikiwa imezimwa, unafunga jukwaa lote, na upande wa barabara unalifunga kwa mbao za plaiwudi, si neti. Plaiwudi isiyo na tundu, kutoka chini ya kiwango cha waya mpaka juu ya kichwa cha fundi wa sakafu ya juu, na mfuniko juu kama waya uko hapo. Sasa hata mtu akigeuka na mpini wa rola, unagonga mbao. Umeme unarudi, lipu inaendelea nyuma ya ukuta huo. Ila usiubuni mwenyewe. Plaiwudi inakamata upepo kama tanga, kwa hiyo jukwaa linahitaji kushikizwa ukutani mara nyingi zaidi, na hilo lipigiwe hesabu na mtu anayejua. Na mwenye laini akikataa, amekataa.

Jambo ambalo watu hulisahau karibu kila mara: kufungua. Kila mtu anaomba umeme uzimwe siku ya kufunga jukwaa. Lipu inaisha, rangi inakauka, jengo linapendeza, mwenye jengo anataka picha, na vijana wanaambiwa "toeni hayo mabomba". Wanaanza kuondoa plaiwudi, kisha mabomba marefu ya juu, laini ikiwa moto, na wamechoka, na wameshauzoea ule waya hata hawauoni. Kufungua ni hatari sawa na kufunga, na mimi naiona zaidi, kwa sababu kinga ndiyo inayotolewa kwanza. Kwenye barua yako andika tarehe mbili. Lipu ikichelewa, tarehe ya pili iahirishwe, na jukwaa lisiguswe mpaka hati nyingine itoke.

---

GejiIshiriniNane alijibu:

Mzee, mnafanya kazi ya wiki mbili iwe ya miezi. Hakuna mteja atakayengoja hayo yote.

---

MzeeKlampu alijibu:

Wengine hawangoji, kweli. Hao huwaachia mafundi wengine. Gharama ya kuzima na muda wa kusubiri viingizwe kwenye bei tangu siku ya kwanza ya kukagua saiti. Ndiyo maana siku ya kukagua mtu anatakiwa aangalie juu, si ukutani tu. Ukija kuomba fedha za ziada baada ya kusaini mkataba, hapo ndipo ugomvi unapoanza, na hapo ndipo plastiki yako inapoonekana ni akili.

---

Lipu_na_Timazi alijibu:

Nimeelewa. Barua nimeiandika, tarehe mbili zimo, na mchoro kijana ndiye aliyeuchora, ana mkono mzuri kuliko mimi. Mwenye jengo nimemwonyesha ile hesabu ya sentimita 10. Hakufurahi lakini amesaini. Kuta tatu tumeanza.

Swali la mwisho. Wakati tunasubiri, mnara mdogo wa magurudumu naweza kuutumia upande wa barabara kwa lipu ya chini tu? Na mchanga wangu unashushwa upande huohuo.

---

MzeeKlampu alijibu:

Mnara: ubaki sakafu moja, kimo kisiongezwe, na ufungwe minyororo usiku. Shida ya mnara wa magurudumu ni kwamba unasukumwa. Wanaosukuma wanaangalia mashimo ya chini. Usisukumwe mtu akiwa juu yake, na awepo mmoja asiyeshika kitu, kazi yake kuangalia juu. Weka na kamba yenye vitambaa kuonyesha mwisho wa eneo.

Mchanga: hamisha leo. Lori la kumwaga likiinua bodi linafika juu kuliko dereva anavyodhani, na wengine wana tabia ya kusogea mbele bodi ikiwa bado iko juu ili mchanga umalizike kushuka. Amwage upande wa nyuma ya jengo, mbebe kwa toroli. Kama geti halimruhusu kupita nyuma, amwage mbali na nyaya kabisa, hata kama ni mwendo.

---

MamaSaiti alijibu:

Na mpe dereva maelezo mwenyewe, usimtegemee mlinzi wa geti. Kwangu mlinzi alikuwa amebadilishwa zamu.

---

Lipu_na_Timazi alijibu:

Sawa. Lori linakuja saa kumi, nitasimama getini mwenyewe.